Kadi Hazikubadilishwa: Maisha ya Dada Yetu, Mtunza Panya

Ndugu, majirani, nanyi mliofanya naye kazi, asanteni kwa kuja kusimama nasi. Waliosimama kweli wasogee, kuna mabenchi mawili matupu upande wa ukuta. Kazi ya kusoma wasifu huu imeniangukia mimi, mdogo wake wa mwisho, na si kwa sababu ninajua kusoma kuliko wengine. Jana asubuhi tulikaa sebuleni kwake, kila mmoja akimtazama mwenzake, na mimi nilichelewa kusema kwamba nimechoka. Walionitangulia wakawa wameokoka. Kwa hiyo mtanivumilia, maana nami nimechoka.

Marehemu aliacha agizo moja tu. Hakusema azikwe wapi wala avae nini. Alisema, "Mkisoma habari zangu, someni na kosa langu. Mkiliruka, msisome kabisa." Aliyasema hayo mwezi wa kumi na moja uliopita, akiwa ameitoa mirija ya oksijeni puani ili asikike vizuri, na baada ya hapo ilimchukua muda mrefu kuipata pumzi yake. Familia haikukubaliana juu ya agizo hilo, na nitaeleza tulifikia wapi. Lakini tuanze mwanzo, maana yeye mwenyewe hakupenda daftari linalofunguliwa katikati.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji na mama mshona nguo. Alizaliwa na kilo mbili na robo. Mama alitusimulia kwamba mkunga alimtazama kwa siku mbili kisha akasema mtoto huyu halali, anasinzia tu kwa heshima ya wenzake. Alikuwa hivyo maisha yake yote. Ungeweza kuvua viatu nje ya mlango na kuingia kwa vidole, na bado angekuuliza kutoka chumbani kwake mbona umechelewa.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, shule ile iliyokuwa karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli, na akaendelea na sekondari mwaka 1970. Mwalimu wake wa sayansi alimwandikia kwenye ripoti: "Anauliza kupita kipimo." Alipokuwa kidato cha tatu, mwaka 1972, mama yetu aliugua mgongo akalazwa kitandani miezi kumi na minne. Baba alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jua. Basi dada akafunga madaftari yake, akaweka kwenye sanduku chini ya kitanda, akaanza kutulea. Hakurudi tena darasani. Hakuwahi kutudai shukrani kwa hilo, jambo lililotufanya tumwonee haya zaidi.

Kazi yake ya kwanza kila siku ilikuwa kutuamsha twende shule. Kaka yetu wa kati alikuwa rahisi: ukimwita jina lake ukiwa mlangoni, yuko wima, amevaa shati upande wa nyuma. Mimi nilikuwa mtihani. Sikuitika jina, sikusikia kuguswa nyayo, na mara mbili baba alinimwagia maji nikageukia upande mkavu. Dada akagundua kwamba akinisogezea kikombe cha chai ya moto puani, nafumbua jicho moja, na baada ya jicho hilo mengine yanafuata. Baba aliniita mvivu. Dada akakataa. "Si mvivu, baba. Kila mtu ana mlango wake wa kuamkia. Wa huyu uko puani." Alikuwa na miaka kumi na sita. Baadaye nilikuja kusikia kwamba kuna watu wenye shahada tatu wanaotafuta jambo hilohilo kwa mashine.

Tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa kuwa mfagizi katika taasisi ya utafiti, na baada ya miaka miwili akahamishiwa nyumba ya panya. Wengi wenu mlimfahamu huko. Kwa ambao hawakuwahi kufika, nyumba yenyewe ilikuwa vyumba vitatu virefu visivyo na dirisha, rafu za chuma kutoka sakafuni hadi kichwani, na kwenye kila rafu vizimba vya plastiki vyenye panya weupe wadogo, maranda ya mbao na chupa ya maji iliyopinduliwa. Panya ni viumbe vya usiku na watafiti ni viumbe vya mchana, kwa hiyo panya ndio waliogeuziwa saa. Taa nyeupe ziliwaka wakati watu wamelala. Watu walipofika kazini taa zilizimwa, ikabaki balbu moja nyekundu ambayo panya hawaioni sana, na hapo ndipo usiku wao ulipoanza. Dada yetu alifanya kazi miaka thelathini na saba katika mwanga huo. Akitoka saa kumi jioni alisimama getini akikunja uso kama mtu aliyetoka sinema.

Mwaka 1983 Profesa mmoja wa taasisi ile alianzisha utafiti ambao ulikula umri wa dada. Swali lake lilikuwa fupi. Kwa nini panya wawili wa umri mmoja, wanaokula chakula kimoja, mmoja anaruka ukipeperusha karatasi, na mwingine hata ukimpulizia hewa usoni anakutazama kama karani wa dirisha lililofungwa? Je, ni vinasaba, yaani kile alichorithi kwa damu? Au ni homoni zinazopanda na kushuka mwilini? Nilipomuuliza dada kama ni utafiti wa usingizi, alisikitika. "Kuamka si kufumbua macho," alinieleza. "Kuna watu wamefumbua macho na hawajaamka. Kuamka ni mwili mzima kuwa tayari kushughulika na kinachokuja, kiwe kizuri au kibaya."

Kazi yenyewe ilikuwa kupima na kuchagua. Kila panya aliwekwa kwenye sanduku lenye miale ya mwanga isiyoonekana, na kila alipoikata, mashine ilihesabu hatua zake mchana na usiku. Kisha alipulizwa hewa kidogo, akanusishwa mafuta ya lozi, akawashiwa taa ghafla. Waliochangamka kuliko wote walioanishwa na wenzao, na waliotulia kuliko wote na wenzao. Watoto wao wakapimwa tena, wakachaguliwa tena, kila baada ya miezi mitatu hivi. Kufikia kizazi cha kumi koo mbili zilikuwa zimeachana wazi. Kwenye madaftari ziliandikwa kwa namba. Dada aliziita Machachari na Wapole, na hata Profesa akajikuta anasema hivyo mbele ya wageni.

Turudi nyuma kidogo, maana nimeiruka ndoa, na shemeji ananitazama. Mwezi Agosti 1979 saa ya kuwashia na kuzimia taa iliharibika, akaitwa fundi umeme. Fundi akafungua mlango katikati ya usiku wa panya, akawasha taa nyeupe. Sauti ikatoka nyuma ya rafu. "Zima. Umewaharibia usiku wao." Akazima. Akafanya kazi kwa ile balbu nyekundu, akamaliza, akarudi kesho yake kuangalia kama saa imekaa sawa, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Siku ya harusi yenyewe shemeji alitukiria kwamba saa ilikuwa imepona siku ya kwanza. Alimwomba uchumba humohumo chini ya balbu, kwa hesabu kwamba mwanga mwekundu ungeficha uso wake ulivyokuwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1980. Mungu akawajalia binti mwaka 1982 na mtoto wa kiume mwaka 1985. Shemeji aliishi na mkewe miaka arobaini na minne, na katika miaka hiyo hakuwahi kuwasha taa chumbani bila kuuliza kwanza.

Sasa nafika kwenye kosa.

Kila Jumatatu panya walihamishwa kutoka kizimba kichafu kwenda kisafi. Dada ndiye aliyewahamisha kwa mkono wake. Mbele ya kila kizimba kulikuwa na kadi iliyoandikwa ukoo, kizazi, jinsia na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu panya weupe wote ni sura moja. Aliyechomoa kadi kwenye kizimba kichafu na kuichomeka kwenye kisafi alikuwa mwosha vizimba, mwanamke aliyeanza kazi mwaka mmoja na dada, na ambaye walikuwa wakila naye pamoja mchana kwenye ngazi za nyuma. Kadi ikikosewa, Mpole anaitwa Machachari na hesabu yote inaharibika. Kwa miaka minne mwosha vizimba hakukosea.

Mwezi Agosti 1987 kipoza hewa cha chumba cha pili kiliharibika kikawa kinapuliza baridi kupita kiasi. Machachari hawakujali, walikuwa wamekwisha kuchana karatasi zao laini na kujenga viota kama vibakuli. Wapole walikuwa wajenzi wabaya. Ukiwapa karatasi wanailalia. Dada akawaona majike wa Wapole wamejikunyata pembeni, akawahurumia. Jumatatu hiyo, alipokuwa akiwahamisha madume wa Machachari, hakuvitupa viota vyao vya zamani. Alivichukua akawawekea majike wa Wapole wajifunike. Kwake ilikuwa sawa na kuchukua blanketi la mtoto mmoja kumfunika mwingine. Akafanya hivyo tena Jumatatu iliyofuata, na nyingine. Hakuandika popote, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuandika huruma.

Naomba watoto wazibe masikio kidogo. Majike wa panya wakikaa wenyewe bila dume, mambo yao ya kike hupoa. Wakiinusa harufu ya dume, hata kama dume mwenyewe hayupo, homoni zao huamka, na kwenye siku ya tatu hivi wanatafuta mume kwa nguvu zote. Panya jike katika hali hiyo halali. Anakimbia chumba kizima. Na viota vya madume, kama mnavyoweza kukisia, havinukii waridi.

Basi kizazi cha kumi na nne kilipopimwa, majike wa Wapole walikimbia karibu sawa na Machachari. Profesa alizitazama karatasi za mashine akakaa chini. Miaka minne ya kuchagua damu ilionekana imeyeyuka ndani ya mwezi. Akatafuta sababu iliyo karibu, na iliyo karibu ilikuwa kadi. Jumanne, tarehe 15 Septemba 1987, aliwakusanya wafanyakazi kwenye korido mbele ya stoo. Walikuwa kumi na saba.

"Umechanganya kadi," alimwambia mwosha vizimba.

"Sikuchanganya."

"Basi nani? Panya wameandikiana wenyewe?"

Watu wengine walicheka. Mwosha vizimba alivua koti la kazi akalikunja vizuri kabla ya kulikabidhi, akatoka siku hiyohiyo. Dada alikuwa amesimama pale na trei ya chupa mikononi. Hakusema neno.

Alirudi chumba cha pili akaanza kufikiri. Kama kadi zingekuwa zimebadilishwa, madume nao wangebadilika, kwa sababu kadi haichagui jinsia. Lakini madume wa Wapole walikuwa walewale, wametulia kama magunia. Ni majike tu waliochachamaa, na ni majike tu aliowapa viota. Akachukua majike kumi na wawili waliokuwa hawajaguswa, sita akawapa viota, sita akawanyima. Akasubiri siku tatu, akawapima. Wale sita walikimbia. Wenzao walilala. Siku ya tano alikuwa anajua yote, na amekwisha kuyaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri.

Akalifunga daftari na kuliweka chini ya rafu. Alikwenda kwa Profesa siku ya ishirini, Jumatatu tarehe 5 Oktoba. Maneno yake mwenyewe, nayasoma kama alivyoniandikisha: "Siku tano za kwanza zilikuwa za kuhakikisha. Kumi na tano zilizobaki zilikuwa za woga." Hakuwa na cheti. Alikuwa ndiyo kwanza amepandishwa kuwa mtunza mkuu, na alijua kuna watu waliokuwa wakisubiri ateleze waseme tulisema. Nalielewa hilo. Yeye hakuruhusu nilitumie kumtetea.

Profesa alilisoma daftari hadi mwisho, kisha akafurahi, jambo ambalo dada hakulisahau. Kumbe damu ya Wapole haikupotea. Watoto wa majike walewale, walipokua mbali na viota vya watu, walitulia kama babu zao. Damu ilikuwa pale pale, ila homoni zilipoguswa na harufu ziliweza kumwamsha hata aliyezaliwa mzito. Taarifa ya utafiti ilipochapishwa, viota vilitajwa kwa sentensi moja. Mwosha vizimba aliandikiwa barua kwamba hana hatia na anaweza kurudi kazini. Hakurudi. Alimwambia tarishi, "Nilitukanwa mbele ya watu kumi na saba. Barua nimeisoma peke yangu jikoni."

Dada alimwomba Profesa aitishe mkutano, wale wale, korido ileile. Profesa, ambaye naye ametangulia mbele ya haki na sina ugomvi naye, alisema yaliyopita si ndwele. Dada akaomba tena, na mara ya tatu, akaacha. Katika uzee wake alisema kwamba kuomba kulikuwa njia ya kujificha. "Haikuhitaji mkutano. Ilihitaji nisimame mlangoni saa ya chakula nipaze sauti." Hakusimama. Mwosha vizimba alipata kazi ya kufua katika hospitali, na kila mahali alipokwenda neno lilikuwa limemtangulia: yule wa kadi. Dada aliendelea kutunza Machachari na Wapole hadi kizazi cha zaidi ya mia, akapewa saa ya ukutani na cheti cha uaminifu. Saa aliitundika. Cheti kiko kwenye lile sanduku chini ya kitanda.

Ugonjwa ulianza mwaka 1996 kwa chafya. Kisha mikono ikawa inavimba kila ilipoguswa na mkia wa panya, kisha kifua. Daktari alimweleza kwamba mwili wake umewakataa panya, vumbi la manyoya yao na mkojo wao. Akamjibu, "Mimi sijawakataa." Akavaa barakoa akaendelea miaka ishirini mingine, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2016. Tulimsihi aache. Kumsihi dada yetu kulikuwa sawa na kutwanga maji kwenye kinu. Mwaka 2019 alilazwa mara ya kwanza, na kuanzia 2022 aliishi na mashine ya oksijeni iliyonguruma kwenye kona ya chumba kama friji kuukuu.

Kuhusu miaka hii mitatu sitapamba. Tulimuuguza kwa zamu: shemeji, watoto wake, kaka na mimi. Tulikosana kwa sababu ya zamu. Tulilala vitini. Kuna siku nilisimama nje ya mlango wake nikatamani iishe, kisha nikaingia nikiwa nimejichukia, naye akaniambia, "Hatua zako leo nzito. Kalale." Nalisema hili hadharani kwa sababu aliyelala hapa hakupenda rekodi zilizosafishwa.

Ni pale alipolazwa mwaka 2019 ndipo mwosha vizimba alipoliona jina lake kwenye orodha ya wodi. Alikuja mwenyewe na mashuka aliyoyafua, akatandika, akaketi. Tangu siku hiyo alimtembelea kila wiki, hospitali na baadaye nyumbani. Walizungumza habari za sabuni, za magoti, za wajukuu. Siku moja dada alimwomba radhi. Binti yake alikuwepo akasikia jibu.

"Radhi yako nimeipokea," mwosha vizimba alisema. "Lakini hapa tuko wawili tu."

Agizo la dada lilitokana na jibu hilo. Alijua kwamba siku moja wale wa korido watakusanyika tena kwa ajili yake bila Profesa kuitisha mkutano, na kwamba siku hiyo yeye mwenyewe hataweza kunyamaza wala kusema.

Jana asubuhi mwanawe alipinga. "Mjomba," aliniambia, "mama hatujamzika na tayari mnataka kumfukua?" Dada yake akamjibu kwamba mama alisema tukiliruka tusisome. Kaka yetu alisema msiba si mahakama. Shemeji alikuwa amesinzia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha. Mimi nikachukua kofia yangu nikaenda kumuuliza mwosha vizimba mwenyewe.

Nilimkuta uani kwake anaanika nguo. Nikamweleza. Aliendelea kubana vibanio hadi kamba ikajaa.

"Sipendi marehemu aaibishwe mbele ya kaburi lake," alisema. "Alikuwa mtu wangu."

Nikamwambia basi sitasoma.

Akainamia kikapu cha vibanio. "Miaka thelathini na saba, kaka. Kuna jirani alihamia hapa juzijuzi, naye ameshaambiwa habari ya kadi." Akaokota kibanio kilichoanguka. "Ukisoma, soma taratibu. Wale wa nyuma nao wasikie."

Niliporudi niliandika yote haya, nikampa mpwa wangu, huyo huyo aliyepinga, karatasi apeleke kwa mchapishaji, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na nguvu ya kuendesha gari. Nilijua naweka nyama mikononi mwa paka. Ratiba za mazishi ziliporudi zimechapwa nilifungua ukurasa wa tatu nikiwa nimejiandaa kukuta pengo. Hakufuta hata mstari. Alikuwa amesahihisha tarehe moja niliyoikosea, ile ya korido.

Marehemu alifariki juzi, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Kwa wiki nzima hakuwa anashtushwa na kitu. Mlango uligongwa, simu ikaita, kijiko kikaanguka, na yeye aliyezijua nyayo zetu sote hakugeuza kichwa. Jumatano nilimwita jina. Nikamgusa nyayo. Kisha nikaenda jikoni nikatengeneza chai, nikamsogezea kikombe puani karibu na ile mirija. Nilikaa nacho hivyo mpaka kikapoa. Nikakinywa mwenyewe, kimepoa, na nikalia kidogo.

Marehemu ameacha mume, fundi umeme mstaafu. Ameacha binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja, mkwe wa kiume na mkwe wa kike, na wajukuu watatu, ambao mmoja wao, mama yake anasema, halali. Ameacha wadogo zake wawili, kaka na mimi. Pia ameacha rafiki yake aliyeketi benchi la tatu mwenye kitambaa cha kijani, ambaye alimuuguza bila kupangiwa zamu na bila kukosa wiki.

Korido ile walikuwa watu kumi na saba. Nimewahesabu waliopo hapa leo miongoni mwenu, mko tisa. Wanne nimesikia wametangulia. Wengine mtawafikishia. Pamoja na majirani na jamaa tumezidi kumi na saba mara nyingi, kwa hiyo nasoma taratibu, kwa sauti ya dada yangu kuliko yangu, na wa nyuma mkishindwa kusikia mnyoshe mkono nirudie: kadi hazikubadilishwa. Mwosha vizimba hakuchanganya hata moja. Aliyekosea ni mimi mtunza panya, nilijua, na nikanyamaza.

Dada, nimesoma. Kilichokuwa kikikusubiri umekimaliza. Lala sasa kwa amani, na sisi tutazima taa tukitoka.